Nimebonyeza "Tuma"

Jana saa tano usiku na ushei nilituma pendekezo la mada kwenye mkutano wa watumiaji wa PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata. Fomu yenyewe si ndefu: kichwa, muhtasari, maelezo kwa wahakiki, wasifu. Nimehangaika nayo wiki tatu.

Kichwa cha kwanza kilikuwa "Kuongeza Kasi ya Hifadhidata". Nilikipenda siku mbili hivi. Halafu nikamfikiria mhakiki aliyerundikiwa mapendekezo, jina langu limefichwa, hana cha kunipimia ila hayo maneno. Kasi ya nini? Hata mimi nisingekuja kusikiliza.

Ninachokijua kweli ni kisa kimoja. Mwaka juzi nilikuwa nafuta wateja elfu mbili wa majaribio, kazi niliyodhani ni ya sekunde chache. Nikaenda kupiga simu, nikarudi, bado. Kumbe jedwali la oda lina safu inayorejelea namba ya mteja, na safu hiyo haikuwa na indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka kama faharasa ya kitabu. Upande wa wateja indeksi ipo, maana ile namba ndiyo ufunguo msingi, yaani kitambulisho cha kila mteja, na ufunguo msingi huwekewa indeksi moja kwa moja. Upande wa oda PostgreSQL haikuwekei mpaka uweke mwenyewe. Basi kila mteja mmoja akifutwa, inapekua jedwali zima la oda, mstari kwa mstari, ihakikishe hakuna oda inayobaki yatima. Mara elfu mbili! Mimi nilizoea MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ambayo injini yake ya InnoDB indeksi hiyo hujiwekea yenyewe, kwa hiyo wala sikuwaza. Amri moja tu ya kuunda indeksi, CREATE INDEX, kazi ikaisha kabla sijakaa vizuri.

Jambo lenyewe limeandikwa wazi kwenye nyaraka, na hapo ndipo aibu ilipokuwa ikinishika. Nilikuwa nakiandika kisa, nakifuta, naweka badala yake aya kuhusu "mbinu bora". Mwishowe nikamtumia rafiki yangu wa kazini asome. Akajibu: "Kaka, hicho kisa ndiyo mada. Hizo mbinu tupa." Nikatupa aya mbili, roho ikiniuma kidogo.

Wasifu ulinishinda kuliko vyote. "Mtaalamu aliyebobea" niliifuta hata kabla ya nukta. Nimebakiza kwamba natunza hifadhidata, na kwamba nyingine nimeziponza mwenyewe.

Muda ulikuwa bado upo. Mwisho wa kupokea ni leo, tena kwa saa za UTC-12, ambako siku huchelewa kuisha kuliko kwingine kote. Lakini najijua: muda huo ningeutumia kurudisha zile aya mbili. Nikabonyeza.

Barua ya kuthibitisha ikaingia papo hapo, na nakala ya muhtasari ndani yake. Kwenye sentensi ya kwanza kabisa nimeandika "wateja wateja". Asubuhi nimeingia tena kwenye fomu, nikafuta mmoja, nikatoka bila kugusa kingine.