Nilianza na mchapishaji, kumbe ningeanza na mfadhili

Mwanangu alipogundulika ana selimundu, daktari alitutajia dawa ya haidroksiurea, na jaribio la Marekani lililohusisha watoto 193 wa miezi 9 hadi 18. Matokeo yalitoka mwaka 2011 kwenye jarida la Lancet. Usiku ule ule nikaitafuta makala. Nikaambulia muhtasari, na chini yake kitufe cha kulipia. Nikafunga kompyuta kwa hasira.

Kesho yake niliurudia ule muhtasari, safari hii hadi mstari wa mwisho, ule ambao macho huuruka. Fedha zilitoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), yaani kwenye kodi za wananchi wa huko. Tangu 2008, anayefanya utafiti kwa fedha za NIH analazimika kuweka nakala ya makala yake PubMed Central, maktaba ya mtandaoni isiyomtoza mtu chochote. Zamani nakala iliweza kuzuiwa hadi miezi 12. Kwa makala zilizokubaliwa kuchapishwa kuanzia 1 Julai 2025, hata hiyo subira imeondolewa.

Hapo nikakosea tena. Nilitafuta PubMed, nikabofya kiungo cha kwanza, kikanirudisha kulekule kwenye kitufe cha malipo. PubMed ni orodha tu. Makala kamili zinakaa PubMed Central. Nilipobandika kichwa cha makala huko, ikatokea papo hapo.

Mwanzoni nilidhani nimepewa rasimu. Haikuwa na urembo wa jarida, michoro ilikuwa imerundikwa mwishoni, namba za kurasa hazikulingana na zile za jarida. Lakini nakala ya mwandishi ya namna hii ni ile iliyokwisha kupitiwa na wataalamu ikakubaliwa, na kwa mzazi hiyo inatosha kabisa. Niliisoma kwa siku tatu, penseli mkononi. Wengu na figo, ambavyo ndivyo jaribio lililenga kuvikinga, havikuonyesha tofauti ya maana. Maumivu ndiyo yaliyopungua: vipindi 177 kwa waliopewa dawa, 375 kwa waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye sehemu ya madhara.

"Daktari, chembe nyeupe za damu zikishuka kwa sababu ya dawa tutafanyaje?" nilimuuliza kliniki iliyofuata.

Akaniangalia. "Umeisoma yote?"

Makala ya pili niliyoitaka haikuwa na mfadhili wa serikali, na PubMed Central haikuwepo. Nikaweka kwenye kivinjari programu ya Unpaywall, ambayo huonyesha kufuli la kijani lililofunguka pale penye nakala halali ya bure. La kwangu halikugeuka kijani. Basi nikamwandikia mwandishi mwenyewe mistari minne: mimi ni mzazi, naomba nakala. Baada ya siku mbili ikaja, na juu yake ameandika: "Nikueleze jedwali la tatu? Linawachanganya wengi."