Ruzuku ya safari ya kongamano: mwenye kutoa hela kwanza ni wewe

Tangazo la ruzuku ya safari likinifikia, kitu cha kwanza kukitafuta si kiasi. Natafuta neno "kurejeshewa". Likiwepo, maana yake natoa hela zangu kwanza, na waandaaji wananilipa kongamano likishakwisha, pengine wiki sita baadaye, pengine miezi mitatu. Ndiyo maana bajeti yangu ina safu moja ambayo fomu nyingi hazina: lini. Ada ya kujiandikisha, tiketi, viza na bima, malazi, chakula na nauli za mjini. Mbele ya kila kimoja naandika nani analipa na tarehe gani. Mtu anaweza kupata ruzuku inayofunika kila kitu na bado akashindwa kusafiri, kwa sababu mwezi wa tiketi hana kitu mfukoni.

Pengo likionekana, huwaandikia waandaaji mapema kuomba mambo mawili: ada waifute badala ya kuirejesha, na malazi wayalipe wenyewe hotelini. Haya hukubaliwa kwa urahisi, kwani hayawalazimu kutuma fedha nje ya nchi. Tiketi ni ngumu kidogo, ila taasisi nyingi zina wakala wa safari anayeweza kuikata kwa niaba yako. Uliza hata kama tangazo halikusema.

Kwenye ombi lenyewe, bajeti husomwa kwa makini kuliko barua ya maelezo. Weka nauli uliyoikuta kweli, pamoja na tarehe uliyoitafuta na njia ya ndege. Nambari za duara kamili zinazogota kwenye kiwango cha juu cha ruzuku zinanuka kubahatisha. Kama chuo chako kitachangia, hata kwa ada tu, liseme hilo na uambatanishe barua. Mfadhili anataka kuona kwamba akitoa sehemu yake, safari itakuwepo. Angalia pia kalenda: mara nyingine mwisho wa kuomba ruzuku hufika kabla ya majibu ya ikisiri, yaani muhtasari wa mada uliotuma kongamanoni. Ukisubiri kukubaliwa kwanza, umechelewa.

Soma masharti ya ndege kabla ya kulipa chochote. Fedha zikitoka serikali kuu ya Marekani, kwa kawaida kuna sharti la kutumia mashirika ya ndege ya Marekani, isipokuwa pale mikataba ya anga, kama ule wa Umoja wa Ulaya, inaporuhusu mengine. Tiketi ya bei nafuu kwenye shirika lisiloruhusiwa hairejeshwi hata senti.

Viza ndiyo inayoua safari nyingi, na mara nyingi kinachokosekana ni nafasi ya miadi. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na halipaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, na unaweza kufika 45. Kwa hiyo barua ya mwaliko naiomba siku ileile ikisiri inapokubaliwa. Iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, nambari ya pasipoti, kichwa cha mada, tarehe, na sentensi inayosema nani analipa nini. Hapo pana mtego: barua ikisema "gharama zitarejeshwa", ofisa wa viza ataelewa kwamba wewe ndiye wa kutanguliza fedha, naye atataka kuziona benki. Ukikopa kwa ndugu na kuziweka zote kwa mpigo wiki moja kabla ya miadi, taarifa ya benki itazua maswali. Ni afadhali barua ya mwajiri au ya ndugu huyo ieleze wazi fedha zimetoka wapi.

Bima ya Schengen ifikie angalau euro 30,000, ifunike siku zote za safari na nchi zote za eneo hilo. Naongeza siku mbili mbele, ndege ikichelewa. Tiketi naishikilia kama nafasi isiyolipiwa hadi viza itoke, pale shirika linaporuhusu. Na epuka kuunganisha tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ili kuokoa hela: mara nyingi itakubidi uchukue mzigo njiani na kuukabidhi upya, yaani upite uhamiaji, na huenda ukahitaji viza ya nchi ambayo hukuwa na shughuli nayo.

Bango la kuonyeshea utafiti wako kongamanoni ni jambo dogo. Karatasi ya ukubwa wa A0 ni milimita 841 kwa 1189. Hakikisha kama ubao ni wa wima au wa ulalo kabla ya kuchapa. La kitambaa hukunjwa ndani ya begi. La karatasi linahitaji bomba, na mashirika mengine hulihesabu kama mzigo wa pili wa mkononi.

Risiti zinataka nidhamu. Ankara haithibitishi kwamba umelipa, kwa hiyo iambatane na taarifa ya kadi au benki, ambayo pia huonyesha kiwango cha kubadilisha fedha. Risiti za karatasi ya joto hufifia. Zipige picha siku hiyohiyo. Pasi za kupandia ndege zitunze zote, hata ya kurudi, maana ndiyo inayosahaulika. Cheti cha kuhudhuria kichukue kabla dawati halijafungwa siku ya mwisho.

Fomu ya malipo nayo ina vituko vyake. Nyingi hudai IBAN, yaani nambari ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, na benki za Kenya na Tanzania hazitumii IBAN. Usibuni nambari, andika nambari ya akaunti, tawi na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako, wenye herufi na tarakimu 8 au 11, kisha mwarifu mhasibu kwa barua pepe. Jina la akaunti lilingane na la pasipoti. Omba fedha zitumwe kwa utaratibu wa OUR, yaani mtumaji abebe makato. Ukiachwa kwenye SHA (makato mnagawana) au BEN (makato yote ni ya mpokeaji), benki za katikati zinaweza kumega kiasi njiani, na mhasibu wa upande ule atakuonyesha hati kwamba yeye alituma kamili.