Miriamu Alisubiriwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikusudia wiki hii tuisome Warumi 14 yote: vyakula, siku, walio dhaifu na walio na nguvu. Nimefika aya ya 10 nikakwama. "Lakini wewe je! Mbona wamhukumu ndugu yako? Au wewe je! Mbona wamdharau ndugu yako?" Kilichonikwamisha ni jibu la dada mmoja tuliyekuwa tukiimba naye kwaya. Nilimwandikia kumkaribisha ibadani, akanijibu kwa mstari mmoja: "Nirudi kufanya nini, na mlishasema sina imani?"

Tunajua anachokisema. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia, mikusanyiko ilibanwa karibu kila mahali: harusi, misiba, ibada. Dada huyu alikuwa akimuuguza mama yake mwenye shida ya mapafu. Ibada ziliporuhusiwa tena kwa masharti, yeye alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, chini ya dirisha, barakoa usoni, kitabu cha nyimbo mapajani, akiitikia polepole. Siku moja mhubiri akasema kwenye kipaza sauti kwamba wako wengine imani yao imeshonwa kwa kitambaa. Watu wakacheka. Na dirisha lilikuwa wazi.

Upande wa pili nao una vidonda. Yuko ndugu aliyemzika baba yake, waombolezaji wakazidi idadi iliyoruhusiwa. Mtu akapiga picha, akaisambaza, chini yake akaandika "wauaji". Aliyefanya hivyo ni muumini, na nasikia mpaka leo anaamini alikuwa akitetea uhai.

Sisemi masharti yote yalikuwa ya haki. Kule New York zilikuwepo sehemu ambako nyumba ya ibada iliruhusiwa watu 10 tu, au 25, huku biashara zilizoitwa za lazima zikiingiza watu bila kikomo cha namna hiyo. Novemba 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazuia masharti hayo yasitumike kwa walioshtaki. Wala walioweka sheria si wote walioishika. Uingereza, Aprili 17, 2021, Malkia Elizabeth alimzika mumewe kwa kikomo cha waombolezaji 30, akaketi peke yake kanisani. Usiku uliotangulia, katika ofisi ya Waziri Mkuu wa nchi hiyohiyo, wafanyakazi walikuwa wamekusanyika wakinywa na kuagana. Baadaye iliwabidi waombe radhi.

Habari hiyo kwangu bado ni kaa la moto. Sisi tulimzika mzazi wetu kwa idadi iliyopangwa, ikajaa, baadhi ya ndugu wa damu wakasimama barabarani. Haukupita muda nikaona picha za sherehe ya wakubwa, wamebanana, hakuna hata mmoja aliyejifunika pua. Nimeombea jambo hili mara nyingi. Kuna asubuhi naamka nimesamehe, na kuna asubuhi naamka ninahesabu waliokuwa kwenye ile picha. Niombeeni.

Lakini la mahakama na la wakubwa tuwaachie wenye mamlaka juu yake. La kwetu ni lile tulilotendana sisi kwa sisi.

Tauni ilipoingia Wittenberg, mji wa Ujerumani, mwaka 1527, Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa, alibaki mjini akihudumia wagonjwa. Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni, naye akawajibu kwa waraka. Alisema atatumia dawa, atafukiza nyumba, na ataepuka mahali asipohitajika ili asije akawaambukiza wengine. Ila jirani akimhitaji, ataenda. Tazameni: mtu yuleyule anabaki kati ya wagonjwa na anajiepusha na mikusanyiko isiyo ya lazima, wala haoni kwamba jambo moja linalikana lingine. Tena akaonya kwamba wenye nguvu ni wachache, walio dhaifu ni wengi, na mzigo mmoja hauwezi kubebeshwa wote. Sisi tuliubebesha.

Sasa fungueni Hesabu 12. Miriamu, dada yake Musa, amemnena Musa vibaya, amepigwa na ukoma, amewekwa nje ya marago, yaani kambi ya Israeli, siku saba. Aya ya 15 inasema watu hawakusafiri hata Miriamu alipoletwa ndani tena. Taifa zima, wazee, watoto, mifugo, linasimama jangwani kwa ajili ya mwanamke mmoja aliye nje. Na huyo alikuwa amekosa! Dada yetu wa dirishani alikosa nini? Kumheshimu mama yake? Wapendwa, sisi tulisafiri. Tulirudisha ratiba, tukarudisha kwaya, tukapanga viti upya, hata sadaka ya shukrani tukatoa kwamba janga limepita, na hatukuangalia nyuma kuona nani hayumo. Wengine tukawatolea na hukumu: "wamepoa". Hawakupoa, walichomwa. Yupo anayesikiliza mahubiri kwenye simu jikoni kwake kila Jumapili, na akikutana nasi sokoni anabadili njia. Mngojeeni huyo! Mungu aliyelizuia taifa lisisonge hataona tumechelewa tukimngojea mtu mmoja.

Na nyinyi wahubiri wenzangu, nawasema kwa upendo lakini nawasema. Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja", mmeifanya fimbo. Kwa nini hamkuanza na aya ya 24, inayotuagiza tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo? Aliyekaa nje kumlinda mama yake alikuwa akimwangalia mtu. Aliyemcheka kwenye kipaza sauti alikuwa akimwangalia nani? Na yule wa picha ya msibani asijifiche nyuma ya usalama wa umma. Hakuna aya inayoruhusu kumwita ndugu yako muuaji siku anapomzika baba yake.

Kwa hiyo wiki hii msinijibu kwa "Amina" peke yake. Kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye hatujamwona tangu wakati ule. Usimpigie kumwalika ibadani. Ataona umetumwa kujaza viti. Muulize aliambiwa nini, na nani, kisha nyamaza umsikilize, hata kama jina litakalotajwa ni lako au la kiongozi wako. Usimtetee mtu. Akikataa kuongea, mwache, umjaribu tena mwezi ujao. Mimi dada wa kwaya nimemwandikia jana kwamba nataka kwenda kumsalimia mama yake. Amesema niende Jumamosi mchana, na nivae barakoa.