Mkono uliopanda wenyewe

Faini ya kuchelewa kikobani sasa ni 5,000, na mimi nimeipitisha. Mimi! Mnanijua: tangu Januari sijawahi kufika kabla ya saa kumi na robo.

Mwenyekiti alisema, "Wanaokubali?" Mikono ikapanda ua mzima, na wangu ukawemo. Nilikuwa nahesabu noti za hisa mapajani, hoja yenyewe hata sikuisikia. Njiani kurudi, pale barabara ya tisa, Seif akaniuliza huku anakokota baiskeli: "Shangazi, ulinyoosha mkono hata hujajua wanauliza nini, eti?"

Nikamjibu, "Mkubwa haulizwi hivyo."

Akanyamaza. Mpaka tunafika nyumbani nilisikia mnyororo wa baiskeli tu.

Ijumaa tumemuoza Zuhura, na mvua imeangusha ukuta wa jirani, lakini mimi nimebaki na hilo jibu.

Maana juzi yake tu, barazani kwenye kahawa, nilikuwa nawasomesha watu utii. Ami, na siasa zake za tangu enzi za mkonge, anashikilia kwamba watu huwanyenyekea madikteta kwa njaa na hofu: washibishe, uone. Nikamwambia Wilhelm Reich, yule daktari wa nafsi wa Austria, naye alikuwa mkomunisti, na jibu hilo halikumtosha. Mwenye njaa akiiba, hilo linajieleza. Kitendawili ni hao wengi wenye njaa wasioiba. Mwaka 1933, Hitler keshashika nchi, Reich akaandika kwamba mtoto huanza kufundwa utii nyumbani, mbele ya baba, serikali bado haijamfikia. Chama chake cha kikomunisti kikamfukuza. 1934 watu wa Freud, wachambuzi wa nafsi wenzake, nao wakamtoa.

"Basi huyo kawaudhi wote," Ami akasema, akaomba kashata.

Nikaleta na Asch, mwanasaikolojia, na jaribio lake la 1951. Mistari kwenye kadi, unaulizwa upi unalingana na wa mfano, jibu liko wazi, wenzako wote, kumbe wamepangwa, wanataja lisilo, zamu yako inafika. Robo tatu ya watu waliufuata uongo walau mara moja. Nilisimulia kwa madaha hasa, kama mtu asiyehusika. Nilichosahau kuwaambia ni kwamba Asch alipompenyeza mtu mmoja wa kusema kweli, wafuataji walipungua sana.

Mmoja wangu alikuwa anakokota baiskeli, nikamfunga mdomo. Na sauti niliyotumia, wallahi, ni ya marehemu baba, hadi kile kikohozi cha mwishoni.

Leo asubuhi nimemtuma Seif mkaa. Akasimama mlangoni: "Kwani Rehema hana miguu?" Nilicheka chai ikanipanda puani. Nikamtuma Rehema. Rehema naye akataka kujua kwa nini yeye. Mkaa nimeufuata mwenyewe, na kanga ya ndani, njia nzima nacheka peke yangu.

Ila paka wa kijivu hajaonekana tangu Jumanne, na usiku kuna kitu kinatembea juu ya dari. Kizito kuliko panya.