Nilivyowapa watumiaji kalamu wachore miezi yao na programu

Nilitakiwa kujua watu wanaionaje programu moja ya simu baada ya kuizoea, si siku ya kwanza. Kumfuatilia mtumiaji miezi yote hiyo ni ghali, na wengi huacha kujibu njiani. Ukimuuliza tu "umeionaje?", atasema "nzuri", basi.

Nikachagua mbinu ya UX Curve, yaani mchoro wa uzoefu wa mtumiaji, iliyochapishwa mwaka 2011 na Sari Kujala na wenzake. Vifaa ni karatasi na kalamu. Mhimili mlalo ni muda, tangu mtu alipoanza kutumia hadi leo. Juu ya mstari wa kati mambo ni mazuri, chini yake ni mabaya. Mtumiaji anachora mwenyewe, na kila mstari unapopinda anaandika sababu.

Niliwapa karatasi tatu: ya mvuto, ya wepesi wa kutumia, na ya manufaa. Usizichanganye, maana mistari hiyo haiendi pamoja hata kidogo. Mama mmoja alikuwa akipandisha wepesi taratibu, mara kalamu ikasimama. Akarudi nyuma, akachimba bonde. "Ngoja, hapa ndipo walipohamisha kitufe cha kutafuta. Nilishazoea kukibonyeza bila kuangalia." Kwenye mazungumzo ya awali hakuligusia kabisa. Mimi nilinyamaza tu. Kwangu, huko kunyamaza ni nusu ya kazi.

Mchoro huo haupimi alivyojisikia siku ile, unaonyesha anavyoikumbuka leo. Sioni hilo kama kasoro, kwa sababu anapomshauri rafiki yake anasema kutokana na kumbukumbu hiyo hiyo. Evangelos Karapanos na wenzake walitengeneza iScale, ambayo huchorwa kwenye kompyuta, na wakaonyesha kuwa kuchora humsaidia mtu kukumbuka mengi zaidi. Mimi nilibaki na karatasi, kwani napenda kuona mkono unaposita.

Kwenye uchambuzi nilianza na sababu zilizoandikwa, nikazipanga kwa makundi, ndipo nikatazama maumbo. Mistari ya mvuto niliipa uzito zaidi: katika utafiti wa Kujala, ambao mstari wao wa mvuto ulipanda ndio walioelekea zaidi kuridhika na kuwa tayari kuipendekeza bidhaa kwa wengine. Kwa wabunifu sikupeleka wastani wowote. Nilibandika karatasi zenyewe ukutani, pamoja na mwandiko wa watu, nikawaomba wasome mabonde kwanza.