Nilivyoizoea kazi ya mapeasi Shepparton, Australia

Peasi huchumwa likiwa bado gumu, likaivie ghalani. Kwetu Uvira, Kongo, tunda la namna hiyo unaliacha mtini, kwa hiyo siku za mwanzo mkono wangu ulikuwa unasita. Mzee wa Kialbania aliyetusimamia akanielekeza: usilivute, liinue juu, kikonyo kitaachia chenyewe kwenye tawi.

Kilichobaki ni mgongo. Mfuko unaning'inia kifuani, na ukijaa unaufungulia chini, matunda yateremke polepole kwenye kasha la mbao. Nilipata nafuu nilipoanza kuchuma kutoka kilele cha ngazi kushuka, ili uzito uongezeke nikielekea ardhini. Januari joto huweza kupita nyuzi 40, basi tunaanza alfajiri.

Wakati wa chai ndipo nilipoijua nchi hii. Mvua ya hapa haitoshi kustawisha bustani kubwa kiasi hiki. Maji yanatoka mto Goulburn kwa mifereji, baada ya bwawa lake la kuchepusha maji kukamilika mwaka 1891. Matunda yakawa mengi, na mwaka 1917 wakulima wakaanzisha kiwanda chao cha kuyasindika, SPC. Babu zake yule mzee walifika miaka ya 1920 kutafuta kazi za kibarua kama mimi, na msikiti wa Waalbania wa hapa ulifunguliwa mwaka 1960. Waitaliano nao wamo, usiniulize nani alitangulia, ubishi wake hauishi.

Mama mmoja wa Kiyorta Yorta, wenyeji wa asili wa bonde hili, alikuwa akiwasikiliza akitabasamu tu. Kisha akatusimulia ya Februari 1939: watu wake walipochoshwa na maisha ya Cummeragunja, makazi waliyotengewa wenyeji wa asili, chini ya msimamizi wa serikali, wakabeba mizigo, wakavuka mto Murray kuingia jimbo hili la Victoria. Wengi waliishia kwenye vibanda vya mabati na magunia kando ya mto, kati ya Mooroopna na Shepparton, mahali panapofurika. Wakachuma matunda, wakafanya kazi kiwandani. Wenye ardhi yao wenyewe! Kwa maoni yangu, sifa ya bonde hili hupewa mno waliochimba mifereji, na kidogo mno waliobeba mifuko.

Sisi Wakongo tulianza kuletwa hapa kama wakimbizi mwaka 2005. Siku hizi safu nzima ya miti unaweza kusikia Kiswahili, na mama yule ameshajua kuitikia "shikamoo".