Mgongo wa beji

Beji ya kitambaa ya rubani wa kivita mimi huanza kuisoma kwa kuigeuza. Mbele kuna nyoka, radi, fuvu, mwewe. Nyuma kuna mkono wa fundi, na kwa kuwa riziki yangu ni cherehani, huko ndiko macho yangu yanakokimbilia. Naona uzi uliporuka kutoka herufi hadi herufi, naona bobini ilipoisha katikati ya bawa, fundi akaunganisha na rangi nyingine maana nyuma hapaonekani. Zile za Saigon, za wakati wa vita ya Vietnam, mafundi wa mjini walizidarizi kwa cherehani huku wakiongoza kitambaa kwa mikono, ndiyo maana hupati mbili zinazolingana kabisa. Hizo nazipenda kuliko zote.

Nyingi nazikuta soko la Sabasaba kwenye mitumba, zimeshonewa kwenye majaketi. Kwa kweli jaketi nyingi ni za fasheni tu. Kuzichambua natumia tochi ya kukagulia noti bandia, ile ya mawakala wa fedha: uzi wa kisasa wa poliesta mara nyingi hung'aa weupe wa kibuluu, pamba ya zamani hubaki imezima. Ila pamba iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nayo hung'aa, kwa hiyo tochi peke yake haitoshi. Za JWTZ sikusanyi. Sare za jeshi letu si za raia, na nimeridhika hivyo.

Gundi situmii kamwe. Nazipiga bandi juu ya kitambaa cha marekani, sindano ikipita ukingoni tu, kisha fremu yenye kipande cha mbao kinachozuia kioo kisiguse uzi. Jua la Dodoma linakula rangi, na vumbi la kiangazi halina mlango lisiloingia, hivyo ukuta wangu ni ule usiopigwa na jua la jioni. Madoa ya jasho siyafui. Yule mtu aliivaa.

Wiki hii nimeshughulika na ya kikosi cha 617 cha Jeshi la Anga la Uingereza: ukuta wa bwawa uliopasuliwa na radi tatu, maji yakibubujika, na maneno ya Kifaransa yanayosema baada yangu, gharika. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege zao 19 aina ya Lancaster zilikwenda kupiga mabwawa ya Ujerumani. Nane hazikurudi, na watu 53 waliokuwamo walikufa.

Binti ninayemfundisha kushona kwao ni Mtera, kwenye bwawa. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Dada, na waliokuwa wanaishi chini ya bwawa?"

Nilimweleza. Maji yaliua zaidi ya watu 1,000, wakiwemo mamia ya wanawake kutoka Umoja wa Kisovieti waliokuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu, wamefungiwa kambini bondeni. Hakusema kitu, akarudi kwenye pindo lake.

Nimeandika upya kadi ya chini ya beji hiyo. Ina hesabu zote mbili, ya angani na ya bondeni, kwa wino uleule na herufi za ukubwa mmoja. Seremala akileta kioo kesho, naitundika.